Vito Ninavyovaa Nikiingia Baharini, na Namna Ninavyovitunza

Mimi huogelea baharini karibu kila mwisho wa wiki, mara nyingi Kunduchi, Dar es Salaam, na wakati wa likizo huogelea Jambiani, Unguja, nyumbani kwa wakwe zangu. Kwa desturi za pwani yetu, mwanamke aliyeolewa akionekana masikio matupu na shingo tupu, wazee huuliza kulikoni, kwa kuwa hiyo ni hali ya mtu aliyekaa eda. Mama mkwe wangu alilisema jambo hilo waziwazi: “Mwanangu, usinitokee ufukweni kama mjane, na mume wako yuko hai.” Sikuona sababu ya kubishana naye, na kusema kweli mimi mwenyewe napenda kujipamba. Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta vito vinavyoweza kuingia kwenye maji ya chumvi na kutoka salama, pasipo kuharibika wala kupotea.

Kuharibika na kupotea ni mambo mawili mbalimbali, ingawa wengi wanaozungumzia habari hii huishia kwenye la kwanza, wakauliza tu kama chuma fulani kinashika kutu. Kwa niliyoyaona, vito vinavyozama mchangani ni vingi kuliko vinavyoliwa na chumvi. Kwa hiyo ninapochagua mkufu wa kuogelea huanza na kifungo chake, halafu pete ndogo zinazounga kifungo na mkufu, na madini huyatazama mwisho.

Kwanza nilitenga vitu ambavyo havitoki kabatini siku ya bahari. Cha kwanza ni bangili ya fedha niliyorithi kwa bibi yangu, iliyofuliwa kwa riale za zamani, zile sarafu za Maria Theresa zenye mwaka 1780 ambazo masonara wa pwani na wa Omani waliziyeyusha kwa muda mrefu kufanyia mapambo. Riale ile ina fedha sehemu 833 katika 1000, na kilichobaki sehemu kubwa ni shaba, ndiyo maana bangili za namna hiyo huwa nyeusi upesi kuliko fedha ya 925 inayouzwa siku hizi. Cha pili ni mkufu wa lulu. Watu hudhani kwamba lulu, kwa kuwa imezaliwa baharini, haiwezi kudhurika baharini. Lakini lulu za mkufu zimetungwa kwenye uzi wa hariri, na uzi huo ukiloa mara kwa mara hunyooka, huoza na mwishowe hukatika. Tena jasho na mafuta ya kukinga jua hufifisha mng’ao wa lulu yenyewe. Cha tatu ni pete ya tanzanaiti. Jiwe hili, ambalo lilianza kujulikana mwaka 1967 kutoka Mererani, lina ugumu wa kati ya 6 na 7 tu katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10, na likigongwa upande wake dhaifu hupasuka.

Hapo kuna jambo ambalo sonara mmoja wa Mji Mkongwe alinifumbua macho. Mchanga wa fukwe za Bara, kama ule wa Kunduchi, kwa sehemu kubwa ni chembe za kwazi (quartz), madini magumu yanayofanana na kioo, zinazoletwa na mito, na kwazi ina ugumu wa 7. Kwa hiyo unaweza kukwaruza tanzanaiti, feruzi, opali na takriban kila jiwe lililo laini kuliko hiyo. Mchanga mweupe wa Jambiani na Paje, kinyume chake, umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, nao ni laini zaidi. Hata hivyo dhahabu haisalimiki popote, kwa kuwa dhahabu yenyewe ni laini kuliko mchanga wa aina zote mbili, na pete inayosuguliwa mchangani kila wiki hupoteza mng’ao wake ndani ya miezi michache.

Dhahabu basi inafaa au haifai? Maji ya bahari, pamoja na gramu zipatazo 35 za chumvi katika kila kilo, hayana la kuifanya dhahabu yenye karati nyingi. Tatizo ni ulaini. Dhahabu tunayoletewa na jamaa kutoka Muscat na Dubai aghalabu ni ya karati 22 au 21, yenye alama ya 916 au 875, na hiyo hupinda kwa urahisi. Kifungo hulegea na kucha zinazoshika jiwe hufunguka bila mwenyewe kujua. Ya karati 18, yenye alama ya 750, ni ngumu zaidi, nami ninayo jozi moja ya hereni za namna hiyo ambazo huingia nazo majini. Kinachonitia hofu kuliko bahari ni bwawa la hoteli. Klorini hushambulia shaba, fedha na nikeli zilizochanganywa na dhahabu, hasa katika dhahabu nyeupe na ile ya karati za chini, mpaka viungo vikapata nyufa zisizoonekana kwa macho. Kwa hiyo nikitoka baharini nikaalikwa bwawani, huvua kila kitu.

Vito vya kuchovya sivipeleki kabisa. Tabaka la dhahabu lililopo juu yake ni jembamba mno, na mchanga ukishalikwangua mahali pamoja, chumvi huanza kuila shaba iliyo chini. Baada ya muda mfupi unaona ukijani shingoni. Muuzaji mmoja wa Kariakoo alinihakikishia kwamba mkufu wake ni wa chuma cha pua, yaani kile kisichoshika kutu kwa urahisi, na hautabadilika rangi milele. Nilitoa sumaku ndogo mkobani, na mkufu ukaifuata kama sindano. Chuma cha pua kinachotumika kwa vito vizuri hakivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo sana, ingawa kutovutwa peke yake si uthibitisho, kwa sababu hata shaba na alumini havivutwi.

Nilichokichagua mwishowe kwa shingo ni chuma cha pua cha daraja la 316L. Kile cha 304, ambacho ndicho cha masufuria na sinki nyingi, kinastahimili maji yasiyo na chumvi vizuri, lakini chumvi ya bahari hukitoboa vitobo vidogo vidogo vyenye madoa ya kahawia. Katika 316L wameongeza madini ya molibdeni kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayosaidia ngozi nyembamba ya oksidi ya kromiamu iliyopo juu ya chuma isitobolewe na chumvi. Kwa pete ya ndoa ya kuogelea mume wangu alininunulia ya titani, nyepesi hata mtu husahau kama ameivaa, na maji ya bahari hayaigusi. Ubaya wake ni kwamba sonara hawezi kuipanua wala kuipunguza kama afanyavyo kwa dhahabu, kwa hiyo kipimo cha kidole hakina budi kuwa sahihi tangu mwanzo.

Kipimo chenyewe ni kisa. Vidole hunywea majini, hata kwetu ambako bahari ina joto, na hunywea zaidi miezi ya kusi ambapo maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Pete iliyokubana vizuri saa nane mchana sokoni huweza kuteleza saa moja asubuhi ukiwa umepaka mafuta ya nazi. Nilichofanya ni kwenda kupima asubuhi na mapema, kabla ya joto na kabla ya kula chochote chenye chumvi nyingi, nikalowesha kidole kwa maji baridi na sabuni. Pete iliyoingia kidoleni lakini ikakataa kuteleza na kutoka kwa kuvuka fundo katika hali hiyo ndiyo niliyoichukua, hata kama mchana inanibana kidogo.

Kuhusu kifungo, mikufu mingi ya bei nafuu ina kile kifungo cha mviringo chenye springi ndani, ambacho unakivuta kwa ukucha. Springi ile ni ya waya mwembamba sana, na aghalabu si ya chuma kilekile cha mkufu. Chembe moja ya mchanga ikiingia ndani, ulimi haurudi mpaka mwisho, na ukiutazama kwa karibu unaona uwazi usiozidi unene wa uzi. Mkufu hutoka kwa uwazi huohuo. Nilitafuta kifungo cha umbo la koleo la kamba-mti, kikubwa kiasi cha kushikika kwa vidole vyenye maji, kisha nikampelekea sonara azilehemu zile pete ndogo mbili za kuunganishia. Pete hizo kwa kawaida huwa zimekunjwa tu, na ndizo zinazofunguka wimbi linapokuvuta mkufu. Kazi ile ilimchukua muda mfupi, na ninaiona kuwa fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote katika shughuli hii. Urefu wa mkufu nao niliupunguza ukalala chini ya ukosi wa vazi langu la kuogelea, kwa sababu mkufu mrefu hunasa mkononi wakati wa kupiga mbizi.

Masikioni sivai vipuli vinavyoning’inia. Huvaa hereni ndogo za duara zinazokumbatia ncha ya sikio na kujifunga zenyewe, au vipini vyenye skrubu nyuma. Hatari kubwa ya hereni haiko majini, iko pale unapovua miwani ya kuogelea au kofia ya hijabu ya kuogelea: mpira hupita nyuma ya sikio na kuling’oa kile kizibo cha nyuma. Ndiyo maana mimi huvua miwani kwa kuivuta mbele kwanza, mbali na uso, halafu juu. Wenye masikio yanayowasha wajue kwamba mara nyingi chanzo ni nikeli, na jasho pamoja na chumvi huitoa nikeli kwenye kito kwa haraka zaidi, titani huwafaa.

Vikuku vinapendeza mchangani, lakini Jambiani nimeviacha. Wakulima wa mwani hufunga kamba zao kwenye vigingi, na maji yakijaa kamba hizo hazionekani. Mguu wenye kikuku ukinasa hapo, ama kikuku kitakatika ama utakunywa maji. Wavuvi wa huko pia hawapendi mtu aingie miambani na kitu kinachometameta, kwani mzia, samaki mwenye meno makali, hufuata vitu vinavyong’aa akidhani ni dagaa. Shanga za Kimasai zinazouzwa ufukweni ni za kioo na hazina neno na chumvi. Kinachoharibika ni waya na ngozi iliyozishika, kwa hiyo zangu nilizitunga upya kwa uzi wa nailoni, na ninazivaa mkononi kila mara.

Utunzaji huanza palepale ufukweni. Chumvi ikikaukia katikati ya vipande vya mkufu hubaki kama unga mweupe, na unga huo huvuta unyevu wa hewa usiku kucha. Nikitoka majini huvitumbukiza vito kwenye chupa ya mdomo mpana yenye maji yasiyo na chumvi, nikaitikisa. Nasisitiza maji yatoke bombani au yawe ya kunywa, kwa sababu visima vingi vya kando ya bahari vina maji ya chumvichumvi, na kusuuzia maji hayo ni kubadilisha chumvi kwa chumvi. Nyumbani huviloweka kwa dakika chache katika maji ya vuguvugu yenye matone ya sabuni ya maji, nikapitisha mswaki laini wa mtoto kwenye kifungo na kwenye viungo, nikasuuza, nikakausha kwa kitambaa cha pamba. Dawa ya meno siitumii. Ina chembe za kusugulia ambazo huacha mikwaruzo. Limau na chumvi, ambavyo vinafaa kwa sinia la shaba, kwa vito sivishauri.

Fedha inataka maneno ya ziada, kwa kuwa Jambiani na Paje mwani uliotupwa ufukweni huoza, na harufu ile ni ya gesi yenye salfa ambayo huitia fedha weusi hata ikiwa imetundikwa tu chumbani. Weusi huo huutoa hivi: natandaza karatasi ya alumini chini ya bakuli, nalaza fedha iiguse alumini, nanyunyiza vijiko viwili vya soda ya kuokea na kijiko cha chumvi, kisha namimina maji ya moto. Harufu ya yai viza hutoka, weusi huhamia kwenye alumini, na fedha hubaki yote, tofauti na kuisugua ambako huipunguza kila mara. Njia hiyo isitumike kwa vito vyenye mawe, lulu au gundi, wala kwa zile pete za Lamu zilizopachikwa vigae vya vyombo vya kale. Vikishakauka, kila kito hukaa kwenye mfuko wake wa plastiki unaozibika, pamoja na kipande cha chaki cha kunyonya unyevu.

Na ikitokea kitu kikaanguka? Kwanza usikimbie kuita watu, maana miguu yao ndiyo itakayokizika. Simama ulipo, tafuta alama mbili ufukweni, mnazi na paa la nyumba kwa mfano, ujue umesimama kwenye mstari gani. Dhahabu na chuma huzama moja kwa moja, hazichukuliwi na mkondo kama jani. Wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hufikia takribani mita 4, mahali palipokufika kifuani asubuhi huenda pakawa pakavu baada ya muda wa saa sita hivi, na mume wangu alimpatia jirani yetu pete yake kwa kungojea hivyo, akiwa na chekecheo la jikoni mkononi.