Ramani Iliyokatika Namanga

Nilikuwa bado mtaalamu mchanga wa upimaji wa udongo tulipokutana Kabete, Nairobi, kuunganisha ramani mbili za hatari ya mmomonyoko, moja ya Kenya na nyingine ya Tanzania. Tulipozilaza mezani zikagusana pale Namanga, mji wa mpakani, upande mmoja ulikuwa mwekundu na wa pili wa manjano, na rangi zilibadilika juu ya mstari wa mpaka kabisa, kana kwamba mvua nayo hukaguliwa pasipoti.

Asubuhi nzima tulisaka kosa la hesabu tusilione. Timu zote mbili zilitumia mlinganyo wa Wischmeier na Smith wa kukadiria udongo unaopotea, unaozidisha nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu na ukali wa mteremko, mimea inayofunika ardhi, na hatua za uhifadhi kama matuta ya fanya juu. Tofauti ilianzia mbali na mlinganyo huo. Timu moja ilichota sampuli za sentimita 20 za juu, nyingine 30; moja ilipima kaboni, inayoonyesha kiasi cha mboji, kwa njia ya kemikali ya Walkley na Black, ambayo haimalizi kaboni yote na kwa hiyo matokeo yake huzidishwa kwa takriban 1.3, ilhali nyingine iliunguza sampuli katika tanuru. Kwa kuwa kiasi cha mboji huingia katika kukadiria wepesi wa udongo kumomonyoka, pengo hilo lilisafiri hadi kwenye rangi.

Wengi walitaka njia moja iamriwe kwa wote. Mama mmoja aliyebobea katika kazi hiyo aliuliza kwa upole, “Na vipimo vya miaka yote iliyopita tuvitupe wapi, wanangu?” Alipendekeza sampuli zile zile zigawanywe na kupimwa katika kila maabara, ili ijulikane namna ya kubadilisha matokeo ya huku yalingane na ya kule. Hadi leo sijasikia pendekezo la busara zaidi, wala la gharama ndogo zaidi.

Mvutano wenyewe ulikuja alasiri, tulipouliza hatari huanzia kiwango gani cha upotevu. Mtu alitaja tani 11 za udongo kwa hekta kwa mwaka, kikomo cha juu kinachotumika Marekani. Udongo mwekundu wa Kabete, wenye kina kirefu, huenda ukastahimili upotevu huo kwa muda. Udongo mwembamba uliokalia mwamba kule Kajiado hauwezi. Mzee mmoja alikumbusha kwamba GLASOD, ramani ya dunia ya uharibifu wa udongo iliyotolewa mapema miaka ya 1990 kwa ushirikiano na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilitegemea maoni ya wataalamu, nasi tulijisifu kuyakimbia maoni hayo kwa kutumia milinganyo. Kumbe yalikuwa yamejificha ndani ya kikomo, na kikomo hicho kilihusu pia nani angepewa fedha za uhifadhi, jambo ambalo hakuna maabara inayolipima.

Jioni tulikubaliana kuchapisha tani peke yake. Rangi zilifutwa, na kila nchi ingepaka zake baada ya kuandika pembeni mwa ramani kikomo ilichokichagua na sababu ya kukichagua.