Daftari la makosa tuliyoyazuia

Nilipokabidhiwa famasi ya hospitali yetu hapa Lindi, watu walikuwa wamechoka. Dirishani mgonjwa anajibiwa bila kutazamwa, kadi za stoo hazijazwi, saa tisa na nusu kila mtu keshabeba mkoba wake.

Nilishauriwa nichague mfanyakazi bora kila mwezi na picha yake nibandike ukutani. Nikatoa kama elfu hamsini mfukoni, na kitenge juu. Aliyeshinda alinuniwa wiki mbili. Foleni ikijaa wenzake wanamwambia, "Si wewe bora? Haya, wahudumie." Mwisho akanifuata stoo: "Bosi, nakuomba ile picha uibandue." Niliibandua palepale. Mpaka leo nikisikia ushauri ule naudhika.

Masika, malaria imepamba moto, nikamsikia binti wa dirishani akimpigia daktari. Mtoto wa kilo 12 ameandikiwa dawamseto vidonge viwili kila dozi, na chini ya kilo 15 ni kimoja, mara mbili kwa siku, siku 3. Daktari akarekebisha. Binti akaita mgonjwa mwingine kama hakuna kilichotokea. Nikamuuliza haya huyaona mara ngapi.

"Mara nyingi tu, bosi. Nimwambie nani?"

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikanunua kaunta buku: tarehe, kosa lililozuiwa, nani kalizuia. Jina la aliyekosea haliandikwi kamwe. Ukiliandika umeanzisha vita na madaktari. Kila Jumatatu nalisoma kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya madaktari na wauguzi. Wiki za mwanzo waliandika kwa kusitasita. Siku hizi wananikumbusha nisilisahau.

Lakini lililonigusa zaidi ni la mama anayetufanyia usafi. Alikuta friji ya insulini na oksitosini, ile sindano ya akina mama wanaojifungua, inasoma nyuzi 11, akakimbia kuniita: "Mwanangu, si ulisema isizidi 8?" Tukahamishia dawa friji ya wodi ya wazazi, tukatenga zile za kuulizia kama bado zinafaa, fundi akaitwa. Jumatatu nikalisoma jina lake, daktari mfawidhi akasimama kumshukuru. Mama wa watu alilia.

Sasa akiingia asubuhi, kabla ya kushika ufagio, anakwenda kwanza kusoma kipimajoto, na namba anaiandika mwenyewe.