Kuwafuata marafiki Leipzig na Praha

Nimerudi juzi juzi tu, mwili umefika ila akili bado iko huko, nimeona niandike kabla mambo hayajaanza kuchanganyikana kichwani. Safari yenyewe haikuwa ya kutalii, nilienda kuwaona watu wangu, wale niliosoma nao zamani, tukaishi hosteli moja tunapika jiko moja, halafu masomo yakaisha kila mtu akashika njia yake, mmoja yuko Leipzig, mmoja Praha na mwingine Lisbon. Miaka yote hii tumekuwa na grupu letu la WhatsApp ambalo halijawahi kufa, linaweza kukaa kimya mwezi mzima halafu mtu anatupia picha ya zamani, basi usiku huo hakuna anayelala.

Viza nitaisema kidogo tu manake kuna watu watauliza. Ujerumani, Ucheki na Ureno zote ziko Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza ni moja, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na ukishapewa hauruhusiwi kuzidisha siku 90 ndani ya siku 180. Bima ya safari lazima iwe ya kuanzia euro 30,000. Hayo ni makaratasi ya kawaida, yanachosha lakini yanaisha. Iliyonigusa ni karatasi moja tu, ile ya mwenyeji. Rafiki yangu wa Leipzig alienda ofisi inayoshughulika na wageni huko kwao, akapeleka karatasi zake za mshahara, akasaini kwamba gharama zangu zote nikiwa Ujerumani ni juu yake, nikiugua ni yeye, na hata ikitokea natakiwa kurudishwa nilikotoka anayelipa ni yeye. Yaani mtu ambaye hamjaonana miaka anasimama mbele ya serikali yake na kukubeba hivyo, na kwenye grupu hakusema chochote zaidi ya "imeshatumwa". Niliisoma ile karatasi mara nyingi kuliko tiketi ya ndege.

Nikatua Frankfurt nikapanda treni mpaka Leipzig. Stesheni ya pale ni kubwa ajabu, reli za juu zinaishia humo humo ndani kwa hiyo ukishuka mnatembea wote kuelekea upande mmoja, nikamuona kwa mbali amesimama na mtoto mabegani. Tukakumbatiana weee. Halafu baada ya hapo, kwenye tramu, kukawa na ukimya fulani hivi, kila mtu anatafuta aanzie wapi, kwa sababu habari kubwa zote tulishapeana, ndoa najua, mtoto najua, kazi mpya najua, sasa unamuuliza nini?

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba kwenye simu tulikuwa tunapeana taarifa tu. Taarifa ni nzuri, ndiyo zimetushika pamoja, lakini sikuwa najua sauti yake akitoka kazini amechoka inakuwaje, sikujua kwamba siku hizi anaongea na mwanae taratibu vile, wala kwamba kuna bibi wa ghorofa ya chini ambaye kila jioni anambebea ndoo ya taka bila kuombwa. Hivyo havitumwi kwa meseji, hakuna mtu anaandika "leo nimembebea jirani taka". Na kwangu mimi rafiki ni hivyo vitu vidogo zaidi kuliko zile habari kubwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi mimi jembe nililiomba mwenyewe. Asubuhi nikawa namsindikiza kumpeleka mtoto chekechea, wana ile baiskeli yenye sanduku kubwa la mbao mbele, mtoto anakaa humo na kofia yake ngumu kichwani anatoa amri za kona zote. Mwanzoni hakutaka hata kuniangalia. Baadaye akawa anakataa kupanda mpaka mimi ndiye nimfunge mkanda wa ile kofia, na kila nikimfunga ananyanyua kidevu juu kabisa amefumba macho, amenitegemea mia kwa mia. Jamani.

Siku moja tulikuwa tunapita mjini tunaenda kununua balbu, tukapita pembeni ya kanisa la Nikolai, rafiki yangu akasema tu kama mtu anayesema mambo ya hali ya hewa, "mama alikuwa hapa". Ndipo akaanza kunihadithia. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu kama 70,000 waliandamana Leipzig wakiipinga serikali ya Ujerumani Mashariki, na jioni ile hakuna aliyekuwa na uhakika kama askari watapiga risasi au hawatapiga. Hawakupiga, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Mama yake alikuwemo. Alimwacha mwanae mkubwa, yaani kaka wa rafiki yangu, kwa jirani pamoja na karatasi yenye anwani ya bibi, ikitokea hakurudi. Nimekula na huyu mtu jiko moja miaka na hii habari sikuwahi kuisikia, imetoka siku tunatafuta balbu.

Mama huyo alifariki kipindi cha korona, wakati mipaka imefungwa na hata kwenye mazishi watu wanahesabiwa. Nilituma meseji, nikatuma voisi, nikapiga simu tukaongea kidogo ikakatika. Lakini pole ya simu na pole ya mkono ni vitu viwili kabisa, na mimi hilo deni nilikuwa nalo rohoni muda wote. Nikamwambia nataka kwenda. Tukaenda makaburi ya Südfriedhof, yako karibu na lile mnara kubwa jeusi la vita vya 1813, urefu wake mita 91, ukiwa makaburini unaliona linachungulia juu ya miti. Akaokota majani yaliyodondokea kaburini, mimi nikamwagilia maua kwa ile ndoo yenye mrija wanayoacha hapo kwa ajili ya watu wote. Nikampa mkono, nikampa pole kama inavyotakiwa. Alilia na mimi nililia, halafu tukakaa kwenye benchi muda mrefu akinisimulia mama yake alivyokuwa akikasirika.

Mwisho wa wiki tukapanda treni kwenda Praha. Ile njia baada ya Dresden inafuata mto Elbe karibu muda wote, kushoto na kulia majabali ya mchanga yamesimama kama kuta, mtoto aliganda dirishani mpaka Ucheki. Mpakani hakuna aliyeshuka wala kupanga foleni, treni inapita tu.

Rafiki yetu wa Praha ni nesi, anafanya zamu za usiku. Kwenye grupu amekuwa kimya sana mwaka huu na sisi tulidhani ni kazi. Kumbe ndoa imeisha. Alisema hakuandika kwa sababu kila akifungua grupu anakuta wengine wana habari njema, akawa anasubiri apate na yeye ya kwake ndio aandike. Iliniuma sana hiyo, na naamini kuna watu wengi wamekaa kimya kwenye magrupu kwa sababu hiyo hiyo, wala hawajawachoka wenzao. Hatukumpa ushauri. Tulimpikia, tukamfulia sare zake, yeye akalala mchana kutwa.

Alitupeleka daraja la Charles alfajiri akitoka zamu, kwa sababu mchana huwezi hata kusimama pale kwa watu. Mwezi wa sita jua Praha linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, tukalikuta daraja tupu, zile sanamu 30 zimepangana pande zote mbili, yeye bado yuko na viatu vyake vyeupe vya wodini. Daraja lilianza kujengwa 1357. Akasema hapo ndipo anapopitaga akiwa amepoteza mgonjwa usiku, anatembea mwanzo hadi mwisho halafu ndio anaenda kulala. Nikashukuru kwamba ametuonyesha hilo.

Wa Lisbon alikosa ruhusa kazini. Tulimpigia simu ya video, tukaiegemeza simu kwenye glasi mezani, akakaa na sisi mpaka usiku wa manane, Ureno wako nyuma saa moja kwa hiyo alikuwa anatucheka tunavyosinzia. Alipoona wote tuko meza moja akashindwa kuongea kidogo, akageuza simu ikawa inaonyesha dari.

Sasa zamu ni yake. Tumekubaliana mwakani wote Lisbon, hakuna hoteli, tunalala chini kwake kama kuna ulazima, na siku za kazi anaenda kazini sisi tunabaki. Wa Praha kashaomba likizo kwa maandishi, wa kwanza kuliko wote. Mimi nimeshaanza kuhesabu, maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na safari hii ubalozi ni wa Ureno.