Njia Iliyogombewa na Baba na Mwana

Nilishuka kituo cha Carlsberg asubuhi, cha pili tu ukitoka stesheni kuu ya Copenhagen. Nilitarajia kupokewa na harufu ya kimea. Nilikuta maghorofa mapya, baiskeli zimeegeshwa kwa mamia na wazazi wakisukuma vigari vya watoto. Uzalishaji mkubwa wa bia ulihamishiwa Fredericia, rasi ya Jutland, mwaka 2008, na uwanja wa kiwanda ukageuzwa mtaa wa makazi. Nakiri nilisikitika.

Mimi bia ya Carlsberg niliifahamia Malawi. Blantyre ndiko kampuni hii ilikofungua kiwanda chake cha kwanza nje ya Denmark, mwaka 1968, kabla hata ya kujenga Uingereza. Kule watu walizoea kuagiza "green" tu, kwa rangi ya lebo, na mhudumu alijua cha kuleta. Tangu nisikie hivyo nilitaka kupaona mahali ilikoanzia.

Palipoanzia ni kilima cha Valby, kilima ambacho unakimaliza kabla hujahema. J.C. Jacobsen alijenga kiwanda hapa mwaka 1847, wakati mji mkuu bado umezungukwa na kuta zake, akifuata maji safi na reli mpya ya kwenda Roskilde. Jina alilitunga kwa mwanawe Carl, mtoto wa miaka mitano, akaongeza "berg", neno la mlima. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwenda Munich kwenye kiwanda cha Spaten kuchukua hamira, ile inayotulia chini ya pipa na kufanya kazi kwenye ubaridi. Safari ya kurudi ilikuwa ya siku nyingi ndani ya gari la farasi, na joto lingeiua. Kila farasi walipopumzishwa, yeye alishuka kutafuta maji baridi ya kumwagia kopo lake. Nilisimama pale kilimani nikimfikiria mtu mzima, mwenye mali yake, akihangaikia kopo kama mama anayemuuguza mtoto mwenye homa.

Nikatembea hadi Lango la Tembo. Tembo wanne wa mawe ya Bornholm, wawili kila upande, wamebeba mnara mzima mgongoni tangu 1901. Ubavuni wana alama ya swastika, na wageni wengi hushtuka. Iliwekwa miaka mingi kabla Wanazi hawajaitia unajisi, wakati bado ilikuwa ishara ya baraka tu. Lango hili si la baba. Ni la Carl, na hapo ndipo habari yenyewe inapouma.

Baba alimpa Carl kiwanda kidogo akiendeshe. Carl akataka kupika bia nyingi na kuitoa mapema. Baba aliamini bia lazima ilazwe muda mrefu kwenye ubaridi hadi iive. Walishindwa kuelewana, Carl akafukuzwa, na mwaka 1882 alikuwa tayari anapika kwenye kiwanda chake mwenyewe, Ny Carlsberg, palepale jirani. Kati yao ilipita njia moja. Baba aliiita Alliancevej, mwana akaiita Pasteursvej, kila mmoja akasimamisha kibao chake, na vibao vikawa vinang'olewa. Nilipita kwenye njia hiyo taratibu. Leo inaitwa Pasteursvej.

Lakini mzee yuleyule aliyeshindwa kumwachia mwanawe kibao cha njia aliwaachia wapinzani wake wa biashara kitu kikubwa zaidi, na hili ndilo lililonileta. Mwaka 1875 alianzisha maabara ndani ya kiwanda, na mwaka uliofuata akaunda Mfuko wa Carlsberg wa kuilea na kufadhili sayansi. Zama hizo bia iliharibika mara kwa mara, ikawa chungu na yenye harufu, wala hakuna aliyejua kwa nini. Emil Christian Hansen, aliyewahi kuwa mpaka rangi wa nyumba, akagundua kuwa hamira njema ilikuwa imechanganyika na hamira mwitu. Mwaka 1883 alifaulu kutenga seli moja safi na kuikuza hadi ikatosha kupikia bia. Kampuni yoyote ingeificha kwa kufuli saba. Jacobsen akawagawia wapikaji wengine bure, wa ndani na wa nje. Bia za laga, zile zinazopikwa kwa hamira ya ubaridi, zinazonywewa leo duniani, hata za washindani wake wakubwa, zina deni kwa chombo kile cha maabara.

Maabara hiyohiyo ndiyo iliyotupa njia ya Kjeldahl ya kupima naitrojeni, na kutoka humo S.P.L. Sørensen akaleta kipimo cha pH, cha kujua ukali wa asidi, mwaka 1909. Ukipima udongo wa shamba au maji ya kisima, unatumia kazi iliyoanzia kwenye kiwanda cha bia.

Yaliyofuata ni ya kibiashara: viwanda vya baba na mwana viliunganishwa 1906, kampuni ya bia ya Tuborg ikaongezwa 1970, na mwaka 2008 Carlsberg ikagawana na Heineken kampuni ya bia ya Scottish & Newcastle. Kinachonigusa zaidi ni kwamba Mfuko ule wa sayansi ndio ungali na kura nyingi kwenye kampuni. Jacobsen aliuachia Mfuko kiwanda chake, Carl hakukirithi.

Jioni nilikwenda kwa miguu hadi Kanisa la Yesu, ambalo Carl alilijenga hapo Valby likakamilika 1891. Mtu huyu alijaliwa kupenda vitu vizuri: jumba la sanaa la Glyptotek ni lake, na sanamu ya Nguva Mdogo bandarini ni yeye aliyeagiza ichongwe. Baba na mwana walipatana mwaka 1886. Mwaka uliofuata mzee alikwenda Rome, akafia huko, akarudishwa nyumbani. Chini ya sakafu ya kanisa hilo kuna chumba cha makaburi. Carl alimlaza baba yake humo, na alipofariki 1914 naye akazikwa humohumo.