Varberg: hoteli ya spa kando ya bahari ya nyuzi nne

Hoteli za spa za Uswidi hutoza kwa kichwa, wala si kwa chumba. Ukiona tangazo limeandikwa "per person i dubbelrum", yaani kwa kila mtu katika chumba cha wawili, zidisha mara mbili kabla hujamwambia mwenzako afungashe. Ukienda peke yako, tegemea nyongeza iitwayo "enkelrumstillägg", yaani faini ya kutokuwa na wa kulala naye. Hapo ndipo watu wetu wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi Göteborg na Malmö hujikwaa mara ya kwanza, ndiyo maana naanza na pesa, maji baadaye.

Nachukua mfano wa Varberg, mji mdogo wa Halland, pwani ya magharibi ya Uswidi, kwa sababu shughuli ya kuoga baharini huko ni ya tangu karne ya 19 na karibu kila kitu hufikika kwa miguu. Kutoka Göteborg ni kama dakika 40 kwa treni. Anayetua Kastrup, uwanja wa ndege wa Copenhagen, Denmark, hahitaji ndege nyingine: treni za Öresundståg zinazokwenda Göteborg hupita hapo uwanjani na kusimama Varberg. Weka pasipoti na kadi ya ukaazi karibu, kwa kuwa polisi wa Uswidi wanaweza kukagua kituo cha Hyllie, mara tu baada ya daraja linalotoka Denmark. Na mwongozo wa zamani ukikuelekeza kwenye feri ya Grenaa–Varberg, usiufuate. Feri hiyo ilihamia Halmstad mwaka 2020.

Jumapili hadi Alhamisi bei hushuka na mabwawa huwa na nafasi. Ijumaa na Jumamosi ni za wenyeji wanaosherehekea harusi na miaka hamsini yao. Kifurushi cha kawaida kina kitanda, kifungua kinywa, chakula cha jioni na kuingia spa, lakini maneno "kuingia spa" yana tafsiri nyingi. Waulize kwa barua pepe: ni saa ngapi za spa ulizolipia, je, unaweza kuingia kabla ya kupewa chumba, na je, asubuhi ya pili imo? Chumba kwa kawaida hutolewa saa 9 alasiri na kurudishwa saa 5 asubuhi. Anayefika saa 11 jioni akiwa na meza ya chakula saa 1 usiku amenunua spa ya saa moja na nusu. Kwenye uthibitisho saa hizo zitaandikwa 15.00 na 11.00, na aliyekulia saa za Kiswahili anaweza kuiona hiyo 11.00 akadhani ana chumba mpaka jioni.

Masaji huuzwa nje ya kifurushi na hujaa mapema, hivyo iwekee nafasi wiki mbili au tatu kabla. Kama una watoto, soma masharti ya umri: spa nyingi zina kikomo cha miaka 16 au 18, au huwapa watoto saa chache za asubuhi. Noti za krona ziache nyumbani, kwani sehemu nyingi hazipokei pesa taslimu, na Swish, huduma yao ya kulipa kwa simu, haifanyi kazi bila akaunti ya benki ya Uswidi. Beba kadi. Bahashishi hailazimiki.

Chumbani utapewa joho la taulo na ndala. Kitanda cha wawili mara nyingi ni magodoro mawili yaliyosogezwa, kila moja na mfarishi wake, kwa hiyo msidhani mapokezi wamekisia kwamba mmegombana. Kushuka spa kwa joho kupitia koridoni ni jambo la kawaida; kuingia mkahawani usiku na joho hilo, uliza kwanza.

Kabla ya bwawa lolote, oga kwa sabuni, uchi, kwenye bafu la pamoja la jinsia yako. Kuna sababu ya kikemia: jasho, losheni na mafuta hukutana na klorini na kuzaa kloramini, ambayo ndiyo harufu kali inayowasha macho na watu huidhania kuwa klorini yenyewe. Ndiyo sababu pia mafuta ya nazi hupakwa baada ya maji, kamwe si kabla. Baada ya bafu unavaa nguo ya kuogelea, maana mabwawa ya hotelini ni ya wanaume na wanawake pamoja. Burkini hukubaliwa sehemu nyingi ikiwa ni ya kitambaa cha kuogelea na hujavaa pamba ndani. Pamba huachia nyuzinyuzi zinazoziba vichujio. Thibitisha kabla ya kulipa, maana kila nyumba ina sheria zake. Simu na picha ni marufuku, na sauti huwa ya chini kiasi kwamba mazungumzo yetu ya kawaida yatasikika kama mnada.

Kallbadhuset ina desturi nyingine kabisa. Hii ni nyumba ya kuogea maji baridi, imejengwa juu ya nguzo baharini karibu na ngome ya Varberg. Iliyopo sasa ni ya mwaka 1903. Zilizoitangulia zilichukuliwa na dhoruba, ya mwisho ikienda na dhoruba ya Krismasi ya 1902. Ina kuba za kuiga majumba ya Mashariki, na mtu wa Mombasa au Unguja ataitazama mara mbili. Wanawake wana upande wao, wanaume wao, kila upande na sauna yake na ngazi ya kuteremkia baharini, na humo ndani watu huoga uchi. Hakuna anayemtazama mwenzake. Hata hivyo, mkiwa familia, msimpangie baba mkwe na mkwewe zamu moja.

Sauna, wao husema "bastu", huwa kati ya nyuzi 70 na 90. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo mgeni akae benchi la chini, dakika 5 hadi 8, na anayeifahamu asizidi 12 au 15. Tandika taulo nene chini ya makalio na miguu. Khanga haifai hapa, inapitisha jasho kwenye mbao. Ihifadhi kwa kujifunga ukitoka. Vua cheni, hereni, na shanga za chuma kwenye misuko, kwa sababu chuma kikipata moto kitakuunguza shingo kabla hujajua kimetokea nini. Maji humwagwa juu ya mawe kwa kata, moja tu, na baada ya kuwauliza waliomo. Kipimajoto hakitapanda sana, lakini mvuke ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto lake hapohapo, ndipo masikio yanapowaka kuliko sehemu nyingine. Usitie manukato wala mafuta yako kwenye mawe. Yanaweza kushika moto.

Kisha bahari. Kwetu maji ya Bahari ya Hindi ni nyuzi 25 hadi 29 au 30 mwaka mzima. Kattegat, bahari ya Varberg, mwezi Februari ni nyuzi 2 hadi 5, na hata kiangazi hucheza kwenye 17 hadi 20. Chumvi nayo ni pungufu, kwani maji ya Baltiki yaliyochanganyika na ya mito hutokea hapa, hivyo mwili hauelei kama ulivyozoea Nungwi au Diani. Bamvua hakuna. Kupwa na kujaa hutofautiana kwa sentimita 20 hivi, wakati pwani yetu huzidi mita 3. Kinachopandisha na kushusha maji ya Varberg hasa ni upepo na kanieneo ya hewa. Faida yake ni kwamba ngazi haiachwi kavu hata siku moja.

Hatari iko mwanzoni. Baridi ikigusa ngozi ghafla, mwili huvuta pumzi kubwa bila idhini yako, kisha unahema mbiombio kwa dakika moja hadi tatu. Pumzi ile ya kwanza ikikukuta kichwa kiko chini ya maji, utavuta maji. Kwa hiyo usiruke wala usipige mbizi. Toka sauna, simama nje dakika mbili, shuka ngazi ukitazamana nayo, toa pumzi polepole huku maji yakipanda kiunoni, kisha mabegani. Mkono mmoja usiachie ngazi, na asiyejua kuogelea asiachie yote miwili. Mara ya kwanza sekunde 20 hadi 30 zinatosha. Dakika moja au mbili ni za aliyezoea. Kofia ya sufu kichwani ni sawa kabisa, wenyeji huivaa. Viatu vya mpira wa neoprini husaidia zaidi ya ushujaa: vidole hufa ganzi upesi na vipandio vya ngazi huteleza barafu ikishika.

Ukitoka, usikimbilie sauna ukitetemeka. Jifute, jifunge, keti dakika 10 hadi 15, kunywa maji. Kwa aliyekaa muda mrefu, joto la ndani huendelea kushuka hata baada ya kutoka, na wapo wanaoishiwa nguvu wakiwa tayari kwenye benchi. Mizunguko miwili au mitatu yatosha. Watu huharibu kwa kuigeuza mashindano, au kwa kuanza na bia. Pombe huficha baridi na kushusha presha ndani ya joto.

Wapo wasiopaswa kuingia maji baridi hata kwa kubembelezwa. Wa kwanza ni mwenye seli mundu, na hili vipeperushi vya spa kwa kawaida havilitaji kwa sababu havikuandikwa vikitufikiria sisi: baridi ya ghafla hubana mishipa na inaweza kuanzisha maumivu makali yanayoishia hospitali. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa amwone daktari kwanza. Anayemeza dawa za presha anaweza pia kuanguka akisimama ghafla kutoka bwawa la moto la nyuzi 38, ambako mishipa imelegea na damu imeteremka miguuni. Ainuke polepole, akae kidogo ukingoni. Mjamzito aepuke sauna na bwawa la moto mpaka aongee na mkunga wake. Na hoteli nyingi hazina mlinzi wa bwawa.

Nywele. Zilowanishe kwa maji safi ya bafu kabla ya klorini, pakaza kondishena, vaa kofia ya kuogelea: unywele ulioshiba maji safi hunywa klorini kidogo. Waliotia dawa ya kulainisha karibuni wasubiri wiki moja au mbili. Misuko mizito ikilowa haikauki kwa kikaushio cha hotelini, na kutoka nayo nje Januari ni mateso, basi ifunge juu na uache kofia ifanye kazi. Ngozi ipakwe mafuta mazito ikiwa bado na unyevu. Hewa ya vyumba vyenye kipasha joto itakufanya ujikune usiku kucha usipofanya hivyo.

Mezani, asubuhi, anayekwepa nguruwe ajue maneno "fläsk", "skinka" na "bacon", na aulize soseji na vipande vya nyama ni vya nini. "Sill" ni samaki aliyelowekwa kwenye siki na sukari. Dagaa wa kwetu hawafanani naye. "Filmjölk" ni maziwa mgando, na ndicho kitu pekee ambacho Mmaasai au Mkalenjin atakijua bila kuelezwa. Maji ya bombani ni salama, usinunue chupa.

Siku ya pili tembea njia ya ufukweni kutoka ngomeni kwenda kusini hadi Apelviken. Njiani kuna sehemu zilizotengwa za kuoga uchi, mojawapo Kärringhålan, ya wanawake. Apelviken ndiko sanatoria ya Daktari Johan Severin Almer ilifunguliwa mwaka 1904 kwa ajili ya watoto wenye kifua kikuu cha mifupa na tezi. Dawa wakati huo ilikuwa chakula, jua na hewa ya bahari, na majengo yake leo ni hoteli. Upepo wa hapo hupendwa na wacheza mawimbi, usitegemee mwavuli. Mwishoni mwa kiangazi tazama maji kabla ya kuingia: konyeza, wale viumbe laini wanaoelea, wa rangi iliyopauka wasio na nyuzi ndefu hawana neno, wale wekundu au wa buluu wenye nyuzi ndefu wanachoma. Ukichomwa, suuza kwa maji ya bahari bila kusugua. Ukienda Desemba, anza matembezi kabla ya saa 7 mchana, kwani jua huzama saa 9 na nusu alasiri na taa za njiani hazifiki kila mahali.