Wenye ugonjwa sugu wa mapafu hufa kwa nini?

Tumezoea kuamini kwamba mtu mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, yaani bronkitisi sugu (uvimbe wa muda mrefu wa njia za hewa) na emfisema (kuharibika kwa vifuko vya hewa vya mapafu), atakufa kwa kukosa pumzi. Ndivyo ilivyo kwa wengi waliofikia hatua za mwisho. Lakini kwa wale ambao ugonjwa wao bado si mkali, kifo mara nyingi husababishwa na maradhi mengine, na jambo hilo linanisumbua kwa sababu ndugu huendelea kuangalia kikohozi peke yake huku moyo ukisahauliwa.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Marekani na Kanada waliandikisha wavutaji sigara 5,887 wenye umri wa miaka 35 hadi 60, ambao njia zao za hewa zilikuwa zimeanza kuziba. Baadhi yao walipewa mafunzo ya wiki kumi ya kuacha sigara pamoja na ubani wa kutafuna wenye nikotini, kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu azoee sigara. Wengine waliachwa waendelee na huduma zao za kawaida. Baada ya miaka 14 na nusu walikuwa wamekufa watu 731. Theluthi moja walikufa kwa saratani ya mapafu, na asilimia 22 kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Waliokufa kwa magonjwa ya kupumua yasiyo saratani hawakufikia asilimia nane. Kwa kila watu 1,000, vifo kwa mwaka vilikuwa 8.83 katika kundi lililopewa mafunzo na 10.38 katika kundi la pili. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini ikumbukwe kwamba hata katika kundi la mafunzo, walioacha kabisa kwa miaka mitano walikuwa kama watu 22 tu katika kila 100. Ukiwatazama hao walioacha kweli, vifo vyao kwa mwaka vilikuwa takriban 6 kwa kila watu 1,000, ilhali kwa walioendelea kuvuta vilikuwa takriban 11. Kwa maoni yangu, hakuna dawa ya kupuliza inayostahili kutajwa kabla ya hesabu hiyo.

Ugonjwa ukishakuwa mkali, mambo hubadilika, na hapo kulazwa hospitalini ndiko kunakopaswa kututia hofu. Huko Quebec, jimbo la Kanada, walifuatiliwa wagonjwa zaidi ya 73,000 tangu walipolazwa kwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huu; nusu yao walikuwa wamekufa kabla ya miaka minne kwisha, na kila shambulio kali lililofuata lilifupisha muda wa kufikia jingine. Familia nyingi hufurahia ruhusa ya kurudi nyumbani kana kwamba matibabu yamekwisha, wakati huo ndio muda wa kuhakikisha kwamba mgonjwa anajua kuvuta dawa yake ipasavyo, amepata chanjo ya mafua, na ameanza tena kutembea kidogo kidogo. Kwa wale ambao oksijeni katika damu yao imeshuka sana, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1981 ulionyesha kwamba kupewa oksijeni angalau saa 15 kwa siku huokoa maisha: baada ya miaka mitano walikufa 19 kati ya 42 waliopewa, na 30 kati ya 45 ambao hawakupewa.

Takwimu hizi za sigara zinatoka mbali, na kwetu Afrika Mashariki wapo akina mama wengi wenye kifua kibovu ambao hawajagusa sigara maishani mwao, bali wamepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, au waliwahi kuugua kifua kikuu kikawaachia makovu. Huambiwa ni pumu, au ni uzee, kwa kuwa zahanati nyingi hazina kipimo cha kupuliza, yaani mashine ya kupima pumzi.

Mwaka 2004 madaktari walipendekeza kipimo kinachokadiria hatari ya kifo kwa kuunganisha mambo manne: uzito wa mwili kulingana na kimo, kiasi cha kuziba kwa njia za hewa, ukali wa kuhema, na umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea kwa dakika sita. Ni moja tu kati ya hayo linalohitaji mashine ya kupima pumzi. Kwa hiyo anayemtunza mama wa namna hiyo anaweza, bila kusubiri mashine, kumweleza daktari kwamba nguo zimeanza kumpwaya, na kwamba safari ya dukani, ambayo mwaka jana aliimaliza bila kupumzika, sasa inambidi asimame njiani.