Shanga za ganda la yai la mbuni: kumbukumbu ya mradi, kutoka kigae hadi mtungo

Lengo ni kutengeneza mtungo wa shanga za ganda la yai la mbuni kwa zana za mawe tu, na kila taka inayotoka iwekwe kando na kuandikwa. Mifano tunayoifuata ni miwili. Wa kwanza ni Enkapune ya Muto, pango kwenye miinuko ya Mau upande wa Naivasha, ambako mwanaakiolojia Stanley Ambrose alipata shanga za aina hii za miaka kama 40,000 iliyopita, pamoja na nyingine zilizoachwa nusu na mamia ya vigae, yaani vipande vya ganda. Wa pili ni Kisese II, pango huko Kondoa lililochimbwa na mwanaakiolojia Ray Inskeep mwaka 1956, ambako shanga na vipande vyake vilivyopatikana ni maelfu. Swali la mradi ni moja: ukishika ushanga uliokamilika, kipi kimetokana na mbinu yenyewe na kipi mtu alikiamua? Usipovitenganisha hivyo viwili, utamsifia mtu wa kale kwa jambo lililofanywa na jiwe la kusagia.

Ganda

Tunatumia maganda ya mayai yaliyokwisha kuliwa, kutoka shamba la mbuni lenye leseni, na risiti inahifadhiwa pamoja na sampuli. Usiokote porini, mbuni ni mnyamapori na sheria zinamhusu hata akiwa ganda tupu. Zaidi ya hapo, ganda lililopigwa jua muda mrefu ni bovu kwa kazi: linabanduka tabaka kwa tabaka pale tu ncha inapoligusa.

Unene ni kama milimita 2. Upande wa nje unang'aa na una vitundu vidogo vya hewa. Wa ndani ni mkavu, unakwaruza kidogo kidoleni. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua upande wa kutobolea. Yai moja, kwa hesabu ya karatasini, linatoa vipande zaidi ya 300 vya milimita 12 kwa 12. Vitendo ni habari nyingine.

Loweka vigae kwenye maji usiku kucha. Maji hayalainishi ganda kama wengine wanavyodhani. Faida yake kubwa ni kutuliza vumbi, ambalo si la kuvuta hata kidogo. Wakati wa kusaga, maji yawepo muda wote na barakoa ivaliwe.

Kuvunja: chora mstari kwa ukingo wa kibanzi cha jiwe upande wa ndani, mara kumi hivi mahali palepale, kisha vunja kwa vidole juu ya ukingo wa ubao. Ukigonga kigae kilicholala mgongo juu, nyufa zinatawanyika kutoka katikati na utabaki na pembetatu zisizofaa. Kigonge kikiwa kimelala mgongo chini juu ya ngozi nene.

Kekee

Kekee, yaani chombo cha kutobolea, ni ncha ya jiwe iliyogandishwa kwenye mpini. Mpini ni fimbo ya mkole iliyonyooka, sentimita 35, unene wa milimita 8. Ukiwa na kona hata kidogo ncha inayumba na tundu linatoka la mviringo wa yai.

Ncha tumejaribu za mawe matatu. Obsidiani, jiwe la volkano ambalo Naivasha limejaa tele, ina ukali usio na mpinzani lakini ni kioo: inakata mizunguko michache tu, kisha ukingo unamegeka na punje zake zinabaki ndani ya tundu. Kwatzi ni ngumu ya kutosha ila kupata ncha nyembamba ndiyo shida, inavunjika inavyotaka yenyewe. Gumegume ndilo lililoshinda. Ganda ni kalisiti, madini yaleyale ya chokaa, ugumu wa 3 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini (1 hadi 10), na gumegume liko karibu 7, hivyo linakata bila kulazimishwa. Ncha iwe na upana wa milimita 3 hadi 4 kwenye shina na iishie chini ya milimita 1.5.

Gundi ya kushikiza ncha kwenye mpini inastahili maelezo marefu, maana hapa ndipo akili inapoonekana kuliko hata kwenye ushanga. Utomvu wa mgunga peke yake unashika vizuri siku ya jua na unalegea siku ya unyevu. Ukichanganya na ngeu, ule udongo mwekundu wa rangi, iliyosagwa laini, unastahimili. Kipimo chetu ni vijiko vitatu vya utomvu mzito kwa kijiko kimoja cha ngeu, na nta ya nyuki ukubwa wa punje ya mahindi ili isiwe kavu kupita kiasi. Kausha sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye makaa, ukiuzungusha mpini. Ukisogeza karibu, utomvu unachemka, unapata mapovu, na mapovu yakikauka ni nyufa. Ukiweka mbali, ngozi ya juu inakauka na ndani kunabaki kubichi; ncha inang'oka ukianza tu kupekecha.

Mwanaakiolojia Lyn Wadley alifanya majaribio ya gundi za aina hii kwa kuzingatia mabaki ya pango la Sibudu, Afrika Kusini, na hoja yake tunaikubali: anayepika gundi hii anafuatilia moto, unyevu wa utomvu, kiasi cha ngeu na mwenendo wa mchanganyiko kwa wakati mmoja, na ukishaharibika haurudi kuwa utomvu. Kila utomvu una maji yake, kwa hiyo hata kipimo chetu hapo juu ni cha kuanzia tu. Hapa mbinu haimfanyii mtu kazi. Lazima aamue mwenyewe kila dakika.

Kutoboa kwanza, kuchonga baadaye

Mwanaakiolojia Jayson Orton alionyesha kuwa kuna njia mbili: kutoboa kigae kikiwa bado na kona zake kisha kukichonga duara, au kuchonga duara kwanza ndipo utoboe. Tumefanya zote mbili. Hatua inayoua vipande vingi kuliko zote ni kutoboa. Anayeanza na duara anapoteza kazi yote ya kuchonga kila kipande kinapopasuka. Anayeanza na tundu anapoteza kigae ambacho hakijamgharimu kitu. Taka zinasema wazi ni njia ipi ilitumika: kigae chenye kona na nusu tundu pembeni ni cha njia ya kwanza, duara lisilo na tundu ni la njia ya pili. Ndiyo sababu taka hazitupwi.

Toboa kutoka ndani. Upande wa nje ncha inateleza na kuacha mikwaruzo kwenye uso ambao ndio utakaoonekana. Bana kigae kwenye kishimo kilichochimbwa kwenye gogo, pekecha kwa viganja bila kukandamiza, futa unga mara kwa mara. Punguza nguvu mara tu kidoa kinapojitokeza upande wa nje. Geuza, malizia kwa mizunguko michache. Ukilazimisha upenye kwa mkupuo mmoja, uso wa nje unamenyuka kuzunguka tundu. Tundu la milimita 1.5 hadi 2 linatosha.

Kuchonga ni kumega kidogo kidogo, milimita moja kwa wakati, ukingo ukiwa juu ya fuawe ya jiwe. Mwenye haraka hapa anagawanya ushanga katikati ya tundu.

Kusaga

Tunga shanga kwenye uzi uliobana. Tumeacha katani ya kawaida: mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, hauna nafasi katika jaribio la Zama za Mawe. Kano za mgongo wa mbuzi zilizosokotwa zinafaa. Unene wa uzi ujaze tundu; ukiwa mwembamba, kila ushanga unakaa upande wake na tundu linaishia nje ya katikati. Ukilegea, shanga zinalala na kupata mabapa. Buruta mtungo mbele na nyuma kwenye mfereji wa jiwe la mchanga lenye maji, ukiuzungusha.

Na hapa ndipo panapotakiwa tahadhari. Kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, inaonyesha shanga za mtungo mmoja zinatoka karibu sawa kipenyo, na usawa huo ni wa bure: mfereji ndio umeutoa. Mtu akikuambia shanga sawasawa za shimo moja la uchimbaji ni ushahidi wa akili ya vipimo, muulize kwanza zilisagwaje. Ukubwa wa kuachia kusaga, huo ndio uamuzi. Unaweza kusimama kwenye milimita 8 au ukaendelea hadi 5, na jiwe halikwambii lolote.

Kwa hiyo ulinganisho wenye uzito ni wa mbali. Watafiti Jennifer Miller na Yiming Wang walipima shanga 1,516 kutoka maeneo 31 ya Afrika Mashariki na Kusini, na wakaona kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita pande hizo mbili zilitengeneza shanga zinazofanana, kisha mfanano ukakatika. Mfereji wa jiwe la Kondoa hauwezi kuusawazisha ushanga wa maelfu ya kilomita kusini. Hapo lazima watu waliona shanga za wenzao, au walizipokea mkononi, wakakubali kuwa ushanga ni wa ukubwa huu na si ule.

Kinachoendelea

Rangi. Ganda likichomwa linakuwa kahawia, kisha jeusi, na moto ukizidi linapauka kijivu. Tunachoma shanga zilizokamilika ndani ya mchanga chini ya moto, kwa sababu ganda lililochomwa kabla linavunjika likitobolewa. Tatizo ni kwamba shanga iliyodondokea jikoni kwa bahati mbaya nayo inakuwa nyeusi. Kipimo tunachokijaribu ili kutenganisha iliyochomwa kwa makusudi na iliyodondoka ni weusi wa ndani ya tundu: nusu ya shanga zinafukiwa zikiwa kwenye uzi, nusu zikiwa huru, kisha kuta za matundu zinalinganishwa chini ya lenzi ya mara kumi.